Muhula Tulipoyaficha Majina

Nimesikia siku hizi mnaitwa semina mjini, nyinyi walimu wakuu wapya na manaibu wenu, mnakalishwa kwenye viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe na kufundishwa utafiti wa vitendo na kuandika blogu ya kujitafakari. Mnarudi na vyeti na kalamu za bure. Mmoja wenu, ambaye nilimfundisha kusoma nikiwa bado na meno yangu yote, alikuja kwangu mtaa wa West Indies, hapa Eldoret, Jumapili akaniuliza, "Madam, hiyo action research nyinyi mliifanya aje, na hamkuwa hata na projector?" Nilicheka mpaka sindano ya kufumia ikaniponyoka. Nikamwambia aketi, nikabandika chai. Haya ninayoandika ndiyo niliyomwambia, pamoja na yale niliyoyakumbuka akiwa ameshaondoka, maana ndivyo akili ya mzee inavyofanya kazi.

Tuanze na sweta. Msicheke, utafiti wangu wote ulianza na sweta.

Mwalimu mkuu akiingia darasani, darasa linakufa. Watoto wanakaa wima, mwalimu anabadilisha sauti na kutoa Kiingereza chake cha siku ya ukaguzi, na hata yule mtoto anayesinzia kila alasiri anafumbua macho. Wewe unakaa nyuma, unaandika "nidhamu nzuri", unarudi ofisini umeridhika. Hujaona darasa. Umeona jinsi watu wanavyokuogopa, na hilo ulikuwa unalijua tangu asubuhi.

Aliyenifumbua macho ni Mwalimu Kosgei, aliyekuwa mkuu wa shule moja ndogo huko Kaptagat. Watu husikia Kaptagat wakadhani kila mtu wa huko ni mkimbiaji. Kosgei alikuwa mnene, na akipanda ngazi tatu ilibidi apumzike na kuulizia habari za nyumbani. Tulisomea chuo kimoja cha ualimu, na alikuwa na ulimi ambao haukumstahi mtu. Aliniambia, "Nafula, wewe ukiingia class, watoto wanaona fimbo tu, hata kama hujabeba. Beba kitu ingine." Nikabeba uzi na sindano. Mnajua baridi ya Eldoret ya mwezi wa saba. Hapakuwa na mwalimu wa kike asiyefuma. Siku za kwanza watoto waligeuka geuka kunitazama. Baadaye walinisahau kabisa. Mwanamke anayehesabu vifundo vya sweta hamtishi mtu, na watoto wakishakusahau wanaanza kusema mambo yao.

Sweta ya muhula ninaotaka kuwasimulia ilikuwa ya kijivu. Ni muhula ule shule zilipofunguliwa tena baada ya ghasia za uchaguzi wa mwaka wa elfu mbili na saba. Wengi wenu mlikuwa bado kwenye sare za shule. Shule niliyoiongoza ilikuwa Yamumbi, nje kidogo ya Eldoret, na kabla ya hapo ilikuwa shule ya kila mtu: Wakalenjin, Wakikuyu, sisi Waluhya tuliofuata kazi, na watoto wa wafanyabiashara wachache wa Kisomali. Sitawasimulia moshi. Walioona wanajua, na wasioona sioni faida ya kuwapa. Nitasema tu kwamba tulipofungua, madawati mengi yalikuwa yameenda kuwa kuni, na kila darasa lilikuwa na nafasi ambazo hakuna mtoto aliyetaka kuzikalia.

Asubuhi moja, wiki ya kwanza, Teresia Wambui aliingia ofisini kwangu. Huyu alikuwa mwalimu wa darasa la tatu. Ukikutana na mtu wa Yamumbi wa umri fulani anayesoma gazeti bila kusogeza midomo, ujue alipita mikononi mwake. Wazazi wa makabila yote walikuwa wakinibembeleza niwaingizie watoto darasani mwake. Nyumba yake ilikuwa imechomwa. Alikuwa amekaa kwa dada yake Nakuru, na siku ile alivaa viatu vya mtu mwingine, vikubwa, vikipiga sakafu kila alipokanyaga. Nilitaka kumkumbatia lakini alivyosimama niliona hataki.

"Madam, nimerudi," akasema. "Lakini nimerudi kwa hii term moja tu. Nitaangalia hawa watoto. Nikiona wanaogopana, ama wananiogopa mimi, utanisainia transfer na usiniulize maswali."

Nikakubali. Ningefanya nini? Kisha akaongeza jambo la pili: nisimwite Wambui mbele ya watu. Nimwite Teresia. "Barabarani vijana walifunga na mawe wakaniuliza jina, wajue kabila," akasema. "Sasa nikisikia mtu ananiita hilo jina, natafuta mlango." Jinsi alivyopita pale barabarani hakuniambia, nami sikuuliza.

Sasa muelewe nilikuwa nimeshika nini. Familia nyingi zilikuwa bado kwenye mahema kule uwanja wa maonyesho, nyingine kwa jamaa. Akina mama waliniambia waziwazi: mwalimu wa la tatu akikaa, sisi tunakaa, akienda, tunaenda naye. Kwa hiyo nilikuwa na muhula mmoja wa kumshikilia mwalimu mmoja, na nyuma yake nusu ya shule. Tena nilimpenda Wambui. Tulikuwa tumenywa chai ya birika moja miaka mingi, na sikutaka kuinywa bila yeye.

Tulikutana walimu wote, na kwa kuwa Wambui alikuwa amekataa jina lake la pili, mmoja akapendekeza tuondoe majina ya pili ya watoto pia. Rejista isomwe Brian, Faith, Mercy, basi. Asijulikane nani ni wa kabila gani. Lilitupendeza sana. Tulijiona tumevumbua dawa. Jumatatu tukaanza, na siku ile ile, kwa bidii zetu, tukachanganya madawati pia, kila mtoto akakaa na jirani mpya. Wiki ikaisha madarasa yakiwa kimya kabisa.

Hapa nawaomba mchukue zile kalamu zenu za bure. Ukibadilisha vitu viwili kwa siku moja, hutajua kipi kimefanya nini. Mpishi akitia chumvi na pilipili pamoja, mchuzi ukiharibika atalaumu nini? Tukaona kimya, tukasema ni amani, tukapongezana kwa mandazi. Wala hatukujiuliza kimya kile kimetokana na madawati au na majina, au ni watoto tu waliokuwa wameshikwa na hofu.

Wakati huo nilikuwa nimeanza blogu. Msifikiri nilikuwa mjanja wa mitambo. Nilikuwa nikienda mjini kila Ijumaa kutuma ripoti kwenye saiba, duka la intaneti la Bwana Abdi, ambaye baba yake aliendesha malori ya kwenda kaskazini mpaka mgongo ukamkataa. Abdi alikuwa na kompyuta kadhaa zenye vumbi, na chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi ambayo hakuitoza mwalimu yeyote. Yeye ndiye aliyenifungulia ukurasa. Akaniambia, "Mama Mwalimu, hapa ukiandika, hata mtu wa Minnesota anasoma. Mimi niko na cousin huko." Nikamjibu kwamba mtu wa Minnesota hana haja na darasa langu la tatu, namtaka wa Kaptagat tu.

Naye wa Kaptagat alisoma. Kosgei alikuwa akishuka mjini kununua chakula cha kuku, na akaanza kupitia kwa Abdi. Chapisho langu la kwanza lilikuwa hotuba ya siku ya kufunga shule, hakuna kilichokosekana ila bendi. Nilimshukuru Mungu, kamati na wazazi, nikaeleza mafanikio yetu ya majina na madawati. Swali langu la utafiti niliweka juu kabisa: "Jinsi ya kuleta amani na umoja katika jamii yetu." Chini yake Kosgei akaandika maoni: "Nimesoma. Nimepiga makofi. Swali lako ni la serikali na maaskofu. Wewe uko na darasa. Sasa tuambie kilichotokea."

Niliudhika, niseme ukweli. Nilikaa siku kadhaa bila kuandika. Niliporudi niligawanya maandishi yangu mara mbili: kwanza niliyoyaona na kuyasikia, bila sifa wala lawama, kisha ninachofikiri. Ajabu ni kwamba sehemu ya pili ilizidi kuwa fupi kila wiki, maana ukiandika vizuri ulichokiona, mara nyingi fikra zako zinaona haya zenyewe. Na swali langu likawa dogo: "Kwa nini watoto wa darasa la tatu hawaitikii haraka wakiitwa?" Hilo nilikuwa nimeliona nikifuma. Wambui akisoma rejista kila asubuhi, kulikuwa na ukimya mdogo kabla ya kila "nipo". Zamani walikuwa wakiitikia hata kabla hajamaliza jina.

Siku moja Kosgei alikuwa ameketi kwenye kompyuta ya pili kutoka kwangu, sote pale pale kwa Abdi, ninamsikia anavyopumua, na badala ya kunigeukia akaniandikia maoni kwenye blogu. Nikamwambia, "Wewe una wazimu? Si uniambie kwa mdomo?" Hakuondoa macho kwenye skrini. "Nikikuambia kwa mdomo utanijibu," akasema. "Nikiandika utafikiria kwanza."

Naikumbuka sana saiba ile. Siku hizi pale panauzwa kava za simu, na Abdi alihama zamani, nasikia yuko Minnesota kwa huyo binamu. Blogu yenyewe ilipotea. Kampuni iliyokuwa ikihifadhi kurasa zile ilifunga, na Ijumaa zangu zote zikaenda nayo. Nyinyi mnaandika kwa simu mkiwa kitandani, na watu mia wanawabonyezea dole gumba kabla hamjapiga mswaki. Sisemi ni vibaya. Ila tafuteni msomaji mmoja asiyewaogopa, na mtakapompata msimtoe kwenye kundi kwa sababu amewakera. Kosgei amefariki. Hakuna siku ya Ijumaa inayopita bila mimi kutamani anikere.

Turudi darasani. Ilikuwa asubuhi ya mvua, watoto wamefungiwa ndani wakati wa mapumziko, wanachora. Wambui alikuwa akiandika ubaoni. Mimi nyuma, na mkono wa sweta. Mtoto mmoja akataka kupitisha kalamu za rangi akasema, "Mpatie Mercy." Mwenzake akauliza, "Mercy gani?" Na yule akajibu, kwa sauti ya kawaida kabisa ya mtu anayeeleza njia ya dukani, "Mercy wa Hema. Si Mercy wa Ng'ombe."

Mercy wa Hema alikuwa mtoto aliyekuwa akilala kambini. Mercy wa Ng'ombe, kwao walikuwa na ng'ombe na hawakukimbia popote. Nikasikiliza zaidi. Kulikuwa na Brian wa Hema pia, na Faith wa Ng'ombe. Tulikuwa tumewanyang'anya majina yao, nao wakajitafutia mengine, na yale waliyojitafutia yaliwagawa kuliko yale tuliyoyaficha. Nikatazama ubaoni. Chaki ya Wambui ilikuwa imesimama katikati ya neno.

Alasiri alikuja ofisini. "Madam, zile karatasi za transfer zitoe kwa drawer."

"Term bado haijaisha, Teresia."

"Haijaisha," akasema, "lakini mimi nimeshaona."

Nikamwomba anipe mpaka mwisho wa muhula kama tulivyokubaliana. Hakukataa, ila hakuniahidi kitu. Aliondoka, na viatu vile vikubwa nilivisikia mpaka mwisho wa veranda. Nikaandika yote kwenye blogu Ijumaa ile, bila kutaja jina la mtoto wala mwalimu, nikaeleza na maumivu yangu. Kosgei akauliza swali moja: "Umewauliza wao?"

Sikuwa nimewauliza. Nilikuwa nimewachunguza kama mifugo mnadani, nimekutana na walimu, nimekutana na kamati, nimeandikia mtu wa Kaptagat, lakini wenye majina sikuwa nimewauliza neno. Ndugu zangu, utafiti wa vitendo unafanywa na watu, na mtoto wa darasa la tatu ni mtu.

Lakini mtoto humwulizi kwa kumwita ofisini. Ukimwita ofisini atajibu unachotaka. Mpe kazi ya mikono, kaa naye, uliza ukiwa hujamtazama. Nilimwita Mercy wa Hema tuchague maharagwe ya jikoni. Tulichagua kwa muda, mabovu huku, mazuri huku. Kisha nikasema, "Nasikia unaitwa Mercy wa Hema."

"Ndiyo, Madam."

"Unalipenda?"

"Ni sawa tu. Afadhali hilo." Akatupa harage bovu. "Lile lingine halitakiwi."

"Lingine gani?"

Akatazama mlangoni kwanza. Halafu akanong'ona, vile mtoto anavyokiri amevunja kikombe: "Nyambura."

Nilimaliza maharagwe naye. Nikamtuma akaoshe mikono. Kisha nikaingia stoo, nyuma ya magunia ya mahindi, nikalia. Mtoto yule hakuwa amefundishwa na watu wa barabarani kwamba jina lake ni aibu. Tulimfundisha sisi, kila asubuhi, kwa rejista, kwa nia njema kabisa.

Tukaamua kuyarudisha majina. Safari hii jambo moja tu, madawati tusiyaguse. Na tusiyarudishe kimyakimya kama tulivyoyaondoa. Kila mtoto aulize nyumbani jina lake lilitoka wapi, atakayependa atuambie. Walimu wengine waliogopa. Wambui alisema, "Fanya. Lakini mimi nitasimama mlangoni." Nilijua maana yake. Siku ile ndiyo ingekuwa jibu lake.

Kabla haijafika, mwenyekiti wa kamati, Mzee Kiptoo, alikuja na bakora yake na koti lake refu la mvua. Hakuketi.

"Madam, nyinyi mnauliza watoto majina ya nini? Hiyo maneno ya kuuliza majina ndio ilitumaliza hapa. Sitaki kwa shule yangu."

Na alikuwa na haki. Hilo ndilo liwe kichwani mwenu kila mnapopanga majaribio yenu: kidonda mnachokigusa ni cha watu. Nikamwambia, "Mzee, unasema kweli. Kwa hivyo wewe njoo uanze. Wakiona mwenyekiti amesema lake, wazazi wataelewa si mtego."

"Mimi sina kazi ya kusimama mbele ya watoto."

"Basi njoo tu utulinde, tusiharibu."

Hilo la kulinda hakuweza kulikataa. Alikuja, akaketi kwenye kiti kidogo magoti yakifika kifuani, uso umekunjwa. Nilianza mimi: naitwa Nafula kwa sababu nilizaliwa wakati wa mvua, ndivyo sisi Waluhya wa Kibukusu tunavyoita. Kisha nikamtazama mwenyekiti. Akakohoa. Akasema kwa kifupi kwamba Kiptoo ni mtoto aliyezaliwa nyumbani kukiwa na wageni.

"Wageni gani?" mtoto mmoja akauliza.

Mzee alimgeukia. Ilionekana hakuna aliyewahi kumuuliza. "Baba hakusema ni nani," akajibu. "Alisema tu walikula wakamaliza kila kitu." Darasa likaangua kicheko, naye akasahau kilichomleta akaendelea: nyumba ilikuwa wapi, mama yake alikuwa akipika nini, mbuzi gani alichinjwa. Aliongea mpaka nikaanza kuogopa kengele. Ilibidi nimshukuru kwa sauti mara mbili ndipo akaacha.

Kisha watoto. Wanjala akasema alizaliwa wakati wa njaa na kwamba hata leo njaa haijaisha, na tukacheka tena. Ahmed akatoa majina matatu, lake, la baba na la babu, akauliza kama aendelee. Mercy wa Ng'ombe akasimama. "Mimi ni Mercy Cherop. Mama alisema kulikuwa kunanyesha." Akaketi.

Nikatazama sweta yangu, sikutaka kumtazama yule mwingine. Nilimsikia akisimama, dawati likilia.

"Mimi ni Mercy Nyambura," akasema. "Ni jina ya cucu, nyanya yangu. Lakini mama anasema Nyambura pia ni ya mvua."

Cherop akageuka akamkodolea macho. "Kama mimi?"

"Na kama Madam," mtu akasema nyuma.

Nilipoandika hili kwenye blogu, Kosgei alitoa maoni ya maneno mawili: "Hii umetunga." Sikutunga. Mungu wangu anajua. Mimi mwenyewe miaka yote ile niliyoishi na Wakalenjin na Wakikuyu sikuwa nimejua kwamba majina haya matatu yote ni ya mvua. Hakuna aliyekuwa na haja ya kujua, mpaka watoto walipoambiwa waulize nyumbani.

Lakini hapo mlangoni Wambui alikuwa bado amesimama, bega limeegemea mwimo, mikono imefungwa kifuani. Hakuwa amecheka na Mzee Kiptoo. Hakuwa amesogea. Nikaona tumemaliza watoto wote waliotaka kusema, na yeye bado yuko mlangoni, nusu ndani nusu nje. Nikajisemea, Nafula, umejitahidi. Nikaanza kukunja uzi.

Cherop, ambaye alikuwa ameketi akimtazama Nyambura, akainua mkono. "Na wewe, Madam Teresia? Wewe huna lingine?"

Mzee Kiptoo alitazama bakora yake. Wambui alifungua mikono, akaishusha, akaifunga tena. Nilitaka kumwokoa, nilikuwa na sentensi tayari ya kusema muda umekwisha. Sikuisema, na katika kazi yangu yote sijui kama nimewahi kufanya jambo gumu kuliko hilo la kunyamaza.

"Niko nalo," akasema. "Naitwa Teresia Wambui. Wambui alikuwa mama ya baba yangu."

"Anakaa wapi?"

"Alikufa nikiwa mdogo kama wewe. Tulimzika hapa tu. Upande wa chini wa barabara, pale karibu na kisima."

Cherop alifikiri. Kisima kile alikijua, ndicho walichokuwa wakinyweshea ng'ombe wa kwao. "Hapa Yamumbi?"

"Hapa Yamumbi."

"Kumbe wewe ni wa hapa," Cherop akasema, na akaanza kutafuta raba yake chini ya dawati, kwa sababu kwake jambo lilikuwa limekwisha.

Wambui aliondoka mlangoni. Aliingia darasani, akapita katikati ya madawati mpaka ubaoni, akawapa watoto mgongo, akasimama hapo ameshika chaki bila kuandika. Sisi wazee wawili tulitoka. Mzee Kiptoo alifuta uso wake kwenye veranda akasema vumbi la chaki ni baya, nami nikakubaliana naye kwamba ni baya sana.

Alasiri alikuja ofisini. Fomu za uhamisho nilikuwa nimezitoa na kuziweka juu ya meza, kwa kuwa ahadi ni deni. Wambui hakuzitazama.

"Madam, mwaka ujao hawa wanaenda class four," akasema. "Usiwape mwalimu mwingine. Nitaenda nao."

Asubuhi yake nilichelewa kwa makusudi, nikasimama nje ya uzio wakati wa kusoma rejista. Aliita majina yote mawili ya kila mtoto, mmoja baada ya mwingine, nao wakaitikia kabla hajamaliza. Alikuwa akiita kwa nguvu. Mahali niliposimama ni barabarani, na nilisikia kila jina.